Mpango wa Penseli

Wanafunzi walimwita Penseli, na mwenyewe alijua. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mshauri wa wanafunzi wanaohamia chuo kikuu hicho kutoka vyuo vingine, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika mpango wa mtu kwa wino. Mkewe alimtania kwamba hata cheti cha ndoa angekisaini kwa penseli, kama wangemwachia.

Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Wanaohama aliwaonea huruma ya kweli. Walifika na karatasi za matokeo zilizokunjwa mara nne, hawajui somo lipi litahesabiwa na lipi litatupwa, huku wakizungushwa kama pia kutoka dirisha hili hadi lile. Yeye aliwakalisha, akachukua fomu ya mpango wa masomo, ile ya rangi ya waridi, akapanga kuanzia siku ya mahafali kurudi nyuma, muhula kwa muhula. Mahali pa saini alipaacha wazi.

"Mambo hubadilika," alikuwa akisema. "Tutasaini mwishoni."

Kanuni ilitaka asaini siku ile ile. Aliijua, na aliidharau kidogo, kama watu wema wanavyodharau makaratasi.

Jumatatu moja, muhula wa mwisho ukianza, aliingia mwanamke anayefua mashuka ya hospitali, ambaye Penseli alimpangia masomo miaka miwili nyuma. Mama wa watoto wawili, vidole vimechubuka kwa sabuni, mcheshi hata akiwa amechoka. Chuo alichosoma zamani kilifungwa. Masomo yake kumi na manne yalikubaliwa hapa, lakini kwa masharti: yakitimiza miaka minane kabla hajahitimu, yanafutwa. Miaka hiyo ilikuwa inatimia mwezi wa saba.

"Mwalimu, nimebakiza Takwimu tu," alisema kabla hajakaa. "Sasa wananiambia imesogezwa mpaka mwakani. Mwakani si nitakuwa nimeshafutiwa yote?"

Penseli alipiga moyo konde.

"Tulia, mama. Ratiba ikibadilishwa baada ya mpango wako kusainiwa, chuo kinalazimika kukufundisha, hata ukiwa peke yako darasani. Wanachotaka ni kuuona mpango wenyewe. Unao?"

"Ninao! Nitaupotezaje?"

Alipokuwa akipekua mkoba, ndipo Penseli alipokumbuka ile nafasi wazi chini ya fomu. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kughushi hata nukta. Aliinuka, akafunga mlango, akatoa kalamu ya wino aliyozawadiwa na wenzake na ambayo haikuwahi kufunguliwa. Angesaini kwa tarehe ya miaka miwili iliyopita, na dhambi hiyo angeibeba mwenyewe.

Mwanamke aliweka fomu mezani. Ilikuwa ngumu, inang'aa.

"Kule kwetu kila kitu kinalowa," alieleza, akiona fahari. "Nikaipeleka kwa wapiga fotokopi, wakaitia plastiki. Huwa naibandika ukutani juu ya mashine ya kufulia. Nikichoka naitazama, nafuta muhula mmoja kwa macho."

Penseli alijaribu kusaini. Wino ulikusanyika matone juu ya plastiki, ukafutika alipougusa. Fomu nyingine ya waridi hakuwa nayo. Zote zilikusanywa mwaka jana, zikaletwa nyeupe. Mpango wa miaka miwili iliyopita kwenye fomu nyeupe ungechekwa na mtu yeyote mwenye macho.

Akachukua wembe kwenye droo. Alipasua ukingo taratibu, ulimi umebanwa kwenye meno, akaanza kubandua. Plastiki ilikuwa imeshikana na karatasi kwa moto. Ilitoka, lakini ilitoka na ngozi ya juu ya karatasi, na maandishi ya penseli yakaondoka nayo. Muhula wa kwanza ukaenda. Alipofika wa pili, akaacha.

Mwanamke alikuwa ameshika pembe ya pili ya fomu ili isiteleze. Hakuiachia.

"Kwani unafanya nini, Mwalimu?"

"Mwanangu," alisema, ingawa hakuwahi kumwita hivyo. "Kosa si la ratiba. Ni langu. Sikusaini. Nilipaswa kusaini siku ile uliyokaa hapo, nami sikusaini."

Mwanamke alitazama ile nafasi wazi, ambayo bila shaka alikuwa ameiona kila siku kwa miaka miwili juu ya mashine yake. Hakupiga kelele. Penseli angeshukuru kama angepiga.

"Lakini ulisema tutasaini mwishoni," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa nia njema kabisa. Akasogeza kile kilichobaki cha fomu karibu na mkono wa mzee. "Si ndio huu mwisho, Mwalimu?"