Mbaazi za Uani

Mwanangu alipomleta mkewe Tabora kutoka Panama, binti wa watu alishuka na mimba changa na tumbo lililokataa kila kitu. Nikipika pilau, anatapika. Nikichinja kuku, anakunywa mchuzi vijiko viwili, anasema asante, anarudi kulala. Mashavu yakamwisha. Siku moja mwanangu akanivuta pembeni, akaniambia mwenzake anataka kurudi akazalie kwa mama yake, walau huko atakula. Mjukuu wangu wa kwanza azaliwe ng'ambo, mimi nimwone kwenye simu?

Nikamwambia azunguke mji mzima amtafute anayepika chakula cha Kipanama. Maskini, akazunguka kweli, hoteli hadi hoteli, mpaka stendi. Mama ntilie mmoja akamuuliza kama hiyo Panama ni mbele ya Nzega. Akarudi na chipsi mayai.

Na binti mwenyewe alikuwa akiomba kuingia jikoni. Kila asubuhi anasimama mlangoni, ananipa shikamoo yake aliyoifanyia mazoezi, anaonyesha sufuria kwa kidole. Na mimi kila asubuhi namrudisha kitini. Mkwe mgeni, tena mjamzito, ashike mwiko? Mtaa wetu wote wa Gongoni ungesema nimeletewa mkwe nimemgeuza mtumishi.

Halafu kulikuwa na suala la mbaazi. Sisi wa hapa mjini, ambao mababu zetu walipanda huku na misafara kutoka pwani, nazi hatujaiacha mpaka leo, japo inatufikia kwa lori. Mimi bila mbaazi za nazi asubuhi sijaamka. Lakini mbaazi na maandazi ni vitu vya kununua barabarani kwa bakuli. Unamwekeaje mezani mtu aliyevuka bahari? Nikawa nazilia uani, nyuma ya tangi la maji, na nikimaliza nasukutua.

Asubuhi moja alinifuata. Harufu ndiyo iliyomtoa kitandani. Nikaficha bakuli chini ya kanga, mtu mzima mimi, kama mwizi wa kuku. Akachuchumaa, akaifunua kanga, akachungulia. Akalichukua andazi mkononi mwangu, akachovya, akala. Akala machozi yanamdondoka, mpaka bakuli likabaki jeupe, nami nikakaa kando nikimsubiri atapike. Hakutapika. Jamani, nililia na mimi, kwa furaha na kwa aibu pamoja.

Mchana ule nikamkabidhi mwiko. Akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi utadhani amelelewa Gongoni. Kisha akafanya kituko: mbaazi zikiwa bado jikoni, akamwagia mchele mbichi humo humo, sufuria moja! Nikashika kichwa. Mwanangu akanituliza, akasema kwao huo ndio wali wa sikukuu. Wa sikukuu! Na mimi nilikuwa nazificha nyuma ya tangi.

Tulipopakua, akampigia mama yake kwa video. Kwao ndiyo kwanza kunakucha. Akamwonyesha sufuria. Yule mama, kajifunga kitambaa kichwani kama mimi, akasogeza uso karibu, akasema maneno mengi kwa haraka. Nikauliza anasemaje. Mwanangu akasitasita, mwisho akasema kwamba mama anaona wali umekuwa bokoboko, maji yamezidi.

Hasira zikanipanda. Maji nilikuwa nimeongeza mimi, binti akiwa amegeuka.

"Mwambie," nikasema, "kama tunakosea, aje apike mwenyewe."

Mwanangu akajifanya hakusikia. Kumbe binti ameelewa; yeye ndiye aliyemfikishia, mdomo umejaa wali. Nikajua nimeharibu. Sasa atamwita mtoto wake arudi leo leo. Mara yule mama akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akajibu kwa kifupi.

Binti akanigeukia, sahani mapajani, akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja.

"Mama anakuja," akasema. "Mimi siendi."

Akaninyooshea sahani nimwongeze.