Bundi wa Mama Rukia

Kitabu kile kilinuka dawa ya mende na karatasi iliyozeeka, na hadi leo nikifungua kabati lenye harufu hiyo hulifunga upesi. Kilikuwa cha Mama Rukia, Mhindi mwenye duka la vitambaa pale Ngokolo, Shinyanga, aliyekirithi kwa babu yake. Ndani mlikuwa na ndege walao nyama, waliochorwa zamani kwa mkono: mwewe, kipanga, pungu mwenye uso mwekundu. Nadhani mchoraji hakuwahi kuwaona hai, maana walikaa wima juu ya visiki kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Lakini manyoya yao! Kila unyoya na mstari wake. Likizo moja, nikiwa bado shuleni, Mama Rukia aliniruhusu niende nacho nyumbani nijifunze kuchora, kwa sharti moja tu: kirudi kama kilivyotoka.

Bibi alinikuta nikinakili bundi. Ikawa balaa. Mdogo wangu Masanja alikuwa hoi kwa homa, na kwetu bundi akitua juu ya paa hufukuzwa kwa kijinga cha moto. Mimi nimemwingiza ndani, nimemkalisha karibu na mgonjwa! Nilimwambia ni karatasi tu. Akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaung'oa ukurasa kitabuni, akautia motoni. Nililia mpaka sauti ikakauka. Jioni mama alimpeleka Masanja zahanati, akachomwa sindano, na baada ya siku chache alikuwa anakimbiza kuku uani.

"Umeona?" Bibi akasema.

Likizo ilipokwisha nikakirudisha kitabu. Mama Rukia naye hakufoka, afadhali angefoka. Alipapasa pale palipochanika, akakifungia kitabu kabatini, nami sikukigusa tena.

Sasa naishi Katoro, nachora mabango ya maduka, na vijana wa bodaboda hunitaka niwachoree tai kwenye madigadi. Picha za vitabu vya namna ile zimejaa kwenye simu. Nilimpata bundi kama yule, nikamchapisha, nikamtundika sebuleni. Masanja, siku hizi mtu mzima mwenye shimo lake la dhahabu, akija humgeuza atazame ukuta, ndipo aketi. Habari ya sindano nimemweleza hadi nimechoka. Hunisikiliza, hucheka, bundi anabaki kageuzwa. Inaniudhi mno.

Juzi mwanawe alilazwa kwa homa. Akanipigia simu.

"Dada, yule ndege bado yupo?"

"Nilishamtoa," nikasema.

Nikakata simu, nikapanda juu ya kiti, nikamtoa.