Chupa ya Fabiano

Émérance anaweza kukuambia mtu anatoka wapi kwa bia anayoagiza. Wavuvi wanaorudi ziwani alfajiri huomba Primus, kwa sababu chupa yake ni kubwa na baridi ya usiku bado iko mifupani. Wafanyabiashara wa mawese, wakishauza, hupanda hadi Amstel, na sauti zao nazo hupanda. Bia za Tanzania huja kwa barabara ya Nyanza-Lac, na wanaozinywa ni wale wanaopenda ijulikane kwamba wametembea. Mwaka juzi Samy, kijana wa Uvira anayefanya kazi bandarini, alimletea bia nyeusi ya Ubelgiji iliyopikwa na watawa. Chupa mbili bado ziko kwenye rafu ya juu ya kabare yake, yaani baa.

"Hizo ni za kutazama," huwaambia wateja.

Mimi ni jirani yake, nafundisha sekondari hapa Rumonge, na huagiza Primus. Nilipokuwa chuoni Bujumbura tulikuwa tukichanga watu watatu tupate moja, na ulimi wangu umebaki kulekule.

"Mwalimu, ulisoma bure," huniambia. "Watu wa diplomu wanakunywa ya watawa."

Yeye mwenyewe hanywi ya chupa. Alilelewa Bugarama, kule milimani, kwenye migomba, ambako baba yake alikuwa akikamua urwarwa, pombe ya ndizi mbivu. Siku ya kuifungua, watoto walionjeshwa kidogo: yeye na kaka yake Fabiano, chungu kimoja, mirija miwili. Husema hakuna bia iliyowahi kumfurahisha kama ile, na akisema hivyo hutazama pembeni.

Mama yao alifia hapa Rumonge, nyumbani kwa Émérance. Alikuja kutibiwa, akaugua muda mrefu, akazimika. Ilitosha kwa watu wa Bugarama kusema kwamba mama alinyweshwa kitu kule kwenye kabare. Fabiano hakusema hivyo. Hakukanusha pia. Tangu mazishi hakuwahi kunywa chochote katika nyumba ya dada yake, hata maji, na kwetu jambo hilo halihitaji maelezo.

Basi ilipofika siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga, ikabidi ndugu wote wakutane kwa Émérance na wanywe pamoja. Wiki nzima hakuzungumza lingine.

"Akiondoka na kiu, nitabaki mwenye kuua mama yangu," aliniambia akifuta glasi ambayo ilikuwa safi tayari.

Miaka hii bia ya chupa hupatikana kwa bahati, lakini alizunguka mpaka Kabezi na kurudi na kreti ya Amstel, kwa kuwa ndiyo Fabiano aipendayo. Chupa ina kizibo, alisema. Haina mtu wa kuisema vibaya.

Fabiano alishuka na mkewe Agnesi na bidoni, yaani dumu, ya urwarwa ya migomba ya nyumbani. Aliiweka chini, akatusalimu, "Amahoro," akakaa kwenye kiti cha mkubwa, chini ya turubai uani. Wageni walijaa. Mzee Alimasi wa duka la vitambaa, Mwislamu, alikaa karibu yake na Fanta yake.

Kifungua chupa cha Émérance kimefungwa kwa kamba kwenye kaunta kisipotee. Siku za kazi hilo halileti shida: wateja hukaa palepale, hukiona kizibo kikiruka. Siku hiyo Fabiano alikuwa uani. Émérance, akiwa na wageni wengi na mikono iliyozoea, aliifungua chupa ndani, akaivusha mlango, akampa kaka yake kwa mikono miwili.

Fabiano aliitazama. Hakuipokea.

"Hii iko wazi," alisema polepole.

Niliuona uso wa Émérance ukielewa. Muuza bia wa miaka yote hiyo, ambaye hajawahi kumpelekea hata mlevi chupa ambayo haikufunguliwa mbele ya macho yake.

"Fanta yangu iko wazi tangu asubuhi," Mzee Alimasi alisema, "na bado napumua. Ila mie mwili ni mzee, sumu yenyewe ingenihurumia."

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Agnesi alivuta kitenge chake magotini.

Nilidhani Émérance angeleta nyingine, na kifungua chupa. Au angeonja ile. Lakini kuleta nyingine kungekuwa kukubali kwamba ya kwanza ilikuwa na neno, na kuonja kungekuwa kujitetea. Aliiweka chupa chini, karibu na mguu wa kaka yake. Akaenda kwenye bidoni.

Kwa desturi, aliyeleta pombe ndiye huonja kwanza, wote wamwone. Fabiano alikuwa hajaonja. Émérance alifungua bidoni, akamimina kwenye kibuyu cha mama yao, akanywa. Hakunywa kwa kuonja. Alikunywa mpaka nikaona koo lake likichoka, kisha akafuta mdomo kwa kiganja.

"Sijakuonjea bado," Fabiano alisema.

"Najua, kaka."

"Hukungoja."

"Iko ya nyumbani. Ningoje nini?"

Wanawake wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, walisikika wakibishana huko ufukweni. Fabiano aliinama, akaiokota chupa, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. Akanywa. Alikaa nayo mdomoni kwa muda, akameza, akakunja uso.

"Iko baridi," alisema. "Unajua mimi nakunywa ya moto. Wewe muuzaji gani, hujui bia ya kaka yako?"

"Joto la huku si la Bugarama, nilifikiri..."

"Usifikiri. Mara nyingine usiiweke kwenye friji."

Émérance alishukuru, "Murakoze," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaingia ndani kwa haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Fabiano hakuimaliza. Waliondoka na Agnesi kabla jua halijashuka, na chupa ilibaki na nusu yake. Nilitaka kuimwaga, Émérance akanikataza, akaiacha pale chini mpaka asubuhi.

Siku hizi kwenye rafu ya juu, kando ya zile za watawa, kuna Amstel moja peke yake, haijafunguliwa, mbali na friji. Samy aliwahi kuiomba siku ambayo Rumonge nzima haikuwa na bia.

"Hiyo ina mwenyewe," Émérance alimjibu. "Kunywa maji."