Barua ya Ushemasi na Siku Tatu za Annexe

Nilitumwa Annexe, pembezoni mwa mji, kwa sababu ya barua. Mseminari anayetaka ushemasi, hatua ya mwisho kabla ya upadre, humwandikia askofu kwa mkono wake, akithibitisha kwamba anaomba kwa hiari na kwamba anasali. Sisi, tusidanganyane, tunainakili. Kuna barua moja nzuri inayorithiwa darasa hadi darasa. Unabadilisha jina na tarehe tu. Yangu ilinichukua robo saa. Padre wetu wa kiroho aliisoma, akaikunja, akanirudishia, akiniita ndugu kwa Kifaransa, kama waseminari wote tunavyoitwa.

"Frère, hii mi nilisha kuisoma mwaka yenye ilipita. Na ule mwingine pia."

Akanipa siku tatu. Niende kwa katekista mmoja huko Annexe, nimsaidie kuwapelekea wagonjwa Komunyo, na Jumapili jioni nirudi na barua yangu mwenyewe, au nisilete barua kabisa. Nilikasirika. Mama yangu, anayekaa Naviundu, njiani kwenda huko, alikuwa amekwisha kuchagua kitenge cha sherehe.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, mjini. Basi lilikuwa bado linasubiri abiria, nami sijui kukaa bure. Nikafungua breviari, kitabu chetu cha sala za kila siku, nikasali Masifu ya Asubuhi, kisha sala ya mchana, kisha, kwa kuwa dereva alikuwa hajawasha injini, Masifu ya Jioni. Ndiyo desturi yangu: nazimaliza sala za siku nzima mapema ili nibaki huru. Huru kufanya nini, sikuwahi kujiuliza. Tulipovuka mto Naviundu niliinamia simu, mama asije akaniona dirishani na kuniuliza ninakwenda wapi.

Saa nne, Annexe. Lami iliisha, nikatembea kati ya nyumba za matofali ambazo hazijapigwa lipu na matuta ya matembele. Katekista wangu alikuwa Mama Ngalula, mwalimu mstaafu aliyekuja kutoka Kasai akiwa msichana. Alinipokea mikono imejaa udongo. Alinipa bukari, yaani ugali, na mchicha tunaouita lengalenga. Nikala upesi, nikauliza kazi inaanza saa ngapi. "Kesho," alisema. Mchana mzima nilizunguka ua, nikapanga upya kuni zilizokuwa zimepangwa vizuri.

Saa kumi na moja jioni Mama Ngalula aliketi mlangoni na wajukuu wake wawili.

"Frère, kuya utusalishe ya mangaribi."

"Mama, miye nilisha kusali. Asubuhi, mu bus."

"Ya mangaribi? Asubuhi?" Alicheka hadi akashika mbavu. "Sasa ulimushukuru Mungu juu ya nini? Juu ya bukari yenye ulikuwa bado kukula?"

Wajukuu nao wakacheka. Niliwasalisha huku masikio yakiniwaka.

Jumamosi, baada ya Misa ya asubuhi, paroko alinikabidhi kikasha cha Komunyo na majina ya wagonjwa watatu. Wawili wa kwanza niliwahudumia mbio mbio: kitabu, sala, Komunyo, kwaheri. Mama Ngalula alinifuata nyuma akihema. Wa tatu alikuwa Papa Mutombo, mtu wa mgodini zamani, ambaye kiharusi kilimwachia ulimi mzito. Tulipofika kwenye Baba Yetu alitaka kuisema mwenyewe. "Baba," alisema, akapumzika. "Yetu." Akapumzika tena. Nikaangalia saa. Alipokwama nikamtajia neno lililofuata. Akanitazama, kisha akarudi mwanzo. "Baba."

Nikamsaidia tena. Akarudi mwanzo tena. Mara ya nne Mama Ngalula alinigusa kiwiko.

"Frère, umuache. Iko anasema na Baba yake, hapana na weye."

Nilifunga mdomo. Naapa ilikuwa kazi ngumu kuliko mitihani yote ya teolojia. Magoti yaliniuma, nikatamani kutoka nje nikimbie. Kwenye mkate wa kila siku alikwama muda mrefu, hata nikawasikia kuku wakichakura uani. Sikuona mwanga wowote wala sikusikia sauti. Niliona tu, kwa aibu, kwamba mzee huyu alikuwa na mtu wa kusema naye, ilhali mimi kwa miaka saba nilikuwa namaliza kurasa. Alipofika kwenye Amina akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Nikampa Komunyo, halafu nikalia mbele yao wote wawili.

Jumapili, saa tisa, njia ya kurudi. Mama Ngalula alinifungia matembele kwenye gazeti na hakuniuliza kitu. Basi liliposimama Naviundu niliinuka ili nishuke nikamwambie mama kwamba sherehe itangoja. Nikakaa tena. Nilikiogopa kile kitenge.

Saa kumi, seminari. Niliiandika barua kwenye meza ya kulia chakula, mistari sita tu, nikafuta miwili na kuirudia. Niliandika kwamba bado nautaka upadre, tena sana. Kwamba kusoma sala najua, lakini kusali ndio kwanza naanza. Kwamba naomba nicheleweshwe mwaka mmoja, niupitishe Annexe nikiwapelekea wagonjwa Komunyo. Padre wa kiroho aliisoma mara mbili, amesimama.

"Hii nilikuwa bado kuisoma hata siku moja," alisema. Kisha akaniangalia. "Na mama yako? Nani atamuambia?"

"Miye mwenyewe, Padre. Kesho asubuhi."

Kengele ya Masifu ya Jioni ikalia. Niliifikiria hiyo kesho, na mguu wangu haukutaka kutulia. Nilichukua breviari, nikaingia kanisani pamoja na wenzangu. Kwa mara ya kwanza mwaka huo, kengele ilinikuta bado sijayasali.