Mpishi Anayewanyima Kuku Wake Shibe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpishi anapima. Anachota chakula kwa kikombe cha bati, anapitisha kiganja juu yake isizidi hata punje moja, kisha anamimina kwenye kihori cha mbao. Vikombe vinne kwa mitetea wanne. Cha tano ni cha jogoo, ambaye hula peke yake upande wa pili wa wavu.

Kwa dakika chache hakuna kinachosikika ila midomo ikigonga mbao. Kihori kinapobaki kitupu, mitetea wote wanne wananyanyua vichwa na kumkodolea macho.

"Msiniangalie hivyo," anawaambia. "Mpaka kesho."

Mtu asiyemfahamu mama huyu angeona ni mchoyo. Wanaomfahamu wanamwita Mama Upawa. Ana umri wa miaka hamsini na sita, na kwa miaka ishirini na saba amepika katika jiko la hospitali ambako upawa wake haujawahi kutoka sufuriani nusu. Kuna wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani wakaomba kulala siku moja zaidi, na daktari aliyeuliza maumivu yamebaki wapi aliambiwa yanaondoka baada ya chakula cha mchana.

Mama huyohuyo ndiye anayewalaza kuku na njaa nyuma ya nyumba yake. Anasema hajawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, na amewahi kupika kwa kuni mbichi.

Leo moyo wake hauko bandani hata kidogo. Ni siku ya ishirini na moja. Mayai kumi na manne ya mitetea hawa yako kwa jirani yake mshonaji, chini ya kuku wa kienyeji anayeyaatamia, kwa kuwa kuku wa nyama kama hawa akishataga huenda zake bila kugeuka nyuma. Mama Upawa ameweka sharti, na mumewe, ambaye ni kinyozi, amelisikia vizuri: vifaranga wakitoka, banda linaendelea. Wasipotoka, Jumamosi wanne hawa wanachinjwa na habari inaishia hapo.

"Miaka miwili ya kuchekwa inatosha," anasema.

Chanzo cha yote ni boksi. Kwa muda mrefu alikuwa akinunua vifaranga mia wa kuku wa nyama, anawalea wiki sita, anauza. Kila awamu ilimpatia kama nusu ya mshahara wake wa jikoni, na ndiyo iliyoezeka upya nyumba yao. Lakini vifaranga walitoka mbali kwa gari. Siku nyingine gari lilichelewa, siku nyingine halikuja kabisa, na siku moja alifungua boksi akakuta thelathini na mmoja wamekufa, wamelaliana pembeni. Aliwahesabu akiwa amepiga magoti sakafuni, na hadi leo akilieleza jambo hilo sauti hubadilika.

Alirudi ndani akamuuliza mumewe swali ambalo kila mfugaji hujiuliza akalipuuza: huyu ninayemuuza kila awamu ni jike, tumboni ana mayai, kwa nini mimi nisubiri gari?

Kila aliyesikia wazo hilo alimcheka. Kuku wa kisasa hana ukoo, walisema. Ni mchanganyiko wa mchanganyiko, wa sufuria tu. Watoto wake watatoka huyu mnene, huyu kimbaumbau. Mama Upawa akajibu kwamba hata yeye na dada yake ni hivyo hivyo, na mama yao hakumtupa yeyote.

Mara ya kwanza alibakiza mitetea kumi wasiende sokoni. Akawalisha kama alivyozoea kulisha watu, yaani hadi waseme basi. Kuku wa nyama hasemi basi. Walinenepa wakawa wanatembea kwa kuyumba, halafu hawatembei. Kabla ya kutimiza miezi mitano, saba walikuwa wamekufa, mmoja akiwa na chakula mdomoni, na waliosalia miguu ikakataa kabisa. Hakuna hata mmoja aliyetaga.

Alidhani ni ugonjwa, akamwita bwana mifugo. Kijana yule alimpasua mmoja juu ya gunia na kumwonyesha moyo uliozungukwa na mafuta pande zote.

"Mama, huyu hana ugonjwa," alimwambia. "Huyu amekufa kwa kushiba."

Mama Upawa anakiri kwamba maneno hayo yalimchoma kuliko hasara yenyewe. Maisha yake yote aliamini hakuna aliyewahi kudhurika na sahani iliyojaa. Bwana mifugo akamweleza kwamba kuku hawa wameumbiwa kukua upesi na kuchinjwa upesi; ukitaka aishi hadi kutaga, mpimie tangu mdogo. Atalia, na wewe ziba masikio.

Masikio yake aliyaziba. Aliyesahaulika ni kinyozi.

Chumba chake cha kunyolea kiko mbele ya nyumba, na dirisha lake la nyuma linatazama banda. Mkewe akishaondoka kwenda kazini, yeye ndiye anayebaki na kilio. Kinyozi ni mtu mpole, wa aina ile ya kumnyoa mtoto huku akimwomba radhi. Safari hii ya pili walianza na mitetea wanane, na kikombe kilikuwa kilekile kila asubuhi, lakini kila Jumamosi mizani ilionyesha wamezidi uzito. Mama Upawa akabadilisha kikombe. Akaazima mizani nyingine. Akaanza hata kumshuku fundi seremala, anayewaletea maranda ya kutandika bandani, kwamba labda yana kitu ndani yake.

Wakafa wawili. Wakafa wengine wawili wiki ya joto kali. Jioni ile mumewe alikuja jikoni, akavua aproni yake ya kazi na kugeuza mifuko yake mezani. Mahindi yaliyoparazwa yakamwagika.

"Walikuwa wananiangalia," alisema.

Kumbe kila siku saa nne, akiagana na mteja, alipitia bandani na viganja viwili. Alijitetea kwa methali, kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini. Hakumaliza. Akaanza kulia kama mtu aliyefiwa, na mkewe anasema ndipo alipoona kwamba wenye makosa ni wao wote wawili, tena kosa ni moja.

Hata hivyo hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimpa kazi: atundike majani ya kabeji bandani, juu kidogo, kuku wayarukie na kuyadonoa. Majani hayanenepeshi, na njaa husahaulika kwa shughuli. Tangu hapo kinyozi huwa na kabeji dirishani karibu na mikasi, na wateja wameacha kuuliza.

Wanne waliosalia walitaga wakiwa na miezi sita na nusu. Mama Upawa alilibeba yai la kwanza mtaa mzima, mlango kwa mlango, kwa wale wote waliocheka. Lakini mayai kumi na mawili ya kwanza kuatamiwa yalikuwa matupu yote, bila kifaranga. Jogoo wao, naye kuku wa nyama mnene, alikuwa na nia, ila mwili ulimshinda. Kila akijaribu kupanda anaanguka ubavu. Huyo aliuzwa. Nafasi yake ikachukuliwa na chotara mwenye miguu mirefu, mwepesi, ambaye kinyozi anamwita Meneja kwa sababu ya kutembea huku na huku bila kazi inayoonekana.

Kazi inaonekana leo, kama ipo.

Saa tatu wanagonga mlango wa mshonaji. Kinyozi ndiye anayetangulia. Amefunga chumba cha kunyolea na kumwacha mteja nje akiwa amenyolewa nusu. Mshonaji anawapisha, anasogeza vitambaa, anawaonyesha kikapu chini ya meza ya cherehani. Kuku wa kienyeji ametuna, hataki kuguswa. Mama Upawa anapitisha mkono taratibu chini ya bawa lake, anausimamisha hapo.

"Kuna kinachotembea," anasema.

Wanatoka mmoja mmoja hadi saa sita. Tisa. Mayai mawili ni viza, na watatu wamefia ndani ya ganda. Tisa hao hawafanani: wanne ni wa manjano kama mama zao walipokuwa vifaranga, watatu wana mistari ya kahawia, mmoja ni mweusi, na mmoja ana miguu mirefu isiyomstahili. Mshonaji anamtazama huyo na kusema huyu Meneja hawezi kumkana. Kinyozi anacheka huku akipangusa macho kwa shati.

Jumamosi hakutachinjwa mtu. Mama Upawa anapanga kuwakuza wote hadi wiki ya kumi, kisha achague wale watakaokuwa wazito na bado wamesimama imara. Hao awaoanishe na wengine wa damu ya mbali, na watoto wao vivyo hivyo. Mwisho wa mwaka anastaafu jikoni, kwa hiyo muda atakuwa nao. Bwana mifugo amemwambia itachukua miaka minne au mitano, na hakumwahidi kitu.

Kinyozi amemshika yule mweusi kiganjani. Anauliza kwa sauti ya chini kama hawa nao watapimiwa kikombe.

"Hawa, watapimiwa," anajibu mkewe. "Na watoto wao pia, ila si kwa ukali huu. Lakini kabla sijafa nataka nimwone kuku wangu mmoja ameshiba, na kesho yake ameamka."