Mboni na Kura za Bi Tausi

Mboni binti Shekhe alikuwa na wivu tangu sote tu wasichana, na hapa simsengenyi, maana mwenyewe alikuwa akijisifia. Siku ya arusi yake, yu ndani kajaa hina mpaka viwikoni, aliwauliza wapambe ni nani kati yao aliyemtazama bwana arusi mara mbili. Mmoja alicheka. Huyo hakuitwa tena nyumbani kwa Mboni, si kwa furaha wala kwa msiba.

Nyumba yake na yangu zilipakana pale Ngamiani, na dirisha langu la nyuma liliutazama ua wake. Haya ninayoyaeleza mengine niliyaona na mengine niliyasikia bila kutega sikio, kwa sababu Mboni hakujua kusema kwa sauti ndogo.

Mumewe, Sadalla, alikuwa mchora vibao. Kinyozi akifungua duka, fundi cherehani akihamia mtaa mpya, walimwita Sadalla aje na makopo yake ya rangi. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye rangi kwenye kucha hata siku ya Idi, na ungemtazama usingejua kuna nini cha kumwonea mtu wivu. Lakini Mboni aliona. Akichelewa kazini aliulizwa kibao gani hicho chenye herufi nyingi hivyo. Akirudi mapema aliulizwa katoroka nini. Yeye hujibu, "Nimechoka, mama," kisha huomba chai.

Mwaka wa hamsini na saba Bwana Mselem, mwenye kile kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya soko, alikuwa na gazeti lake la kila Ijumaa, Taa ya Pwani. Lilikuwa na bei ya mkonge, matangazo ya vifo, na mashairi ya watu kutukanana kwa heshima. Ili liuzike zaidi akaanza kutia hadithi za picha, mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilichorwa na Eliudi, kijana wa Kibondei kutoka Muheza, nayo ilimhusu askari mpelelezi aitwaye Inspekta Chuma. Ya pili akampa Sadalla. Sadalla akamchora Bi Tausi, mjane anayeposwa kila wiki na mwongo mpya, na kila wiki mwongo huyo hufumaniwa na uongo wake akatoka mbio bila viatu.

Mji ulimpenda Bi Tausi. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, kwenye baraza za kahawa kwa wanaume na uani kwa wanawake, na Ijumaa jioni ungesikia kicheko kikihama kutoka nyumba moja hadi nyingine. Sadalla naye alibadilika. Alianza kutembea kifua mbele. Watu waliomwita "fundi rangi" sasa walimwita "baba Tausi", na siku ya kwanza aliposikia hivyo alisimama njiani akatabasamu peke yake.

Mboni alikuwa amesoma chuoni, Kurani tu, herufi za Kirumi zilimpa taabu, lakini picha ni picha. Alikuja kwangu na gazeti mkononi, pumzi juu.

"Huyu nani?"

"Si Bi Tausi huyo, wa mumeo?"

"Shoga, usinifanye mtoto mdogo. Angalia. Mkono kiunoni, shingo upande. Nani mjini hapa anasimama hivi?"

"Kila mwanamke aliyechoka kungoja maji bombani."

"Asmahani!" akasema. "Asmahani wa Makorora. Na mjane, eti. Yule naye si kaachika majuzi? Ananichorea mwanamke wake gazetini, mji mzima unacheka, na mimi ndiye ninayempikia!"

Nikalichukua gazeti nikatazama kwa haki. Asmahani alikuwa mnene wa uso, mweusi wa kung'aa, na mwanya mkubwa mbele ambao hakuuficha. Huyu wa kwenye picha alikuwa na pua kama uzi na mdomo wa kitoto. Nikamwambia, "Mboni, hawafanani hata kidogo." Akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Wamekununua Waridi."

Hapo ni lazima nieleze habari ya Waridi, asiyekuwa wa Tanga apate kuelewa. Wanawake wa mjini siku zile tulikuwa na vyama vya ngoma, na vyama vikubwa vilikuwa viwili: Asumini, ambacho kiongozi wake alikuwa Mboni, na Waridi, cha Asmahani. Nani alianza ugomvi hakuna aliyekumbuka. Tukivaa kijani, wao nyekundu. Tukienda Pangani kula sikukuu, wao Mkwaja. Sisi tukinunua kanga kwa Mhindi wa barabara hii, basi wao hata kwa bure hawaingii humo. Mtu wa Asumini akisema leo kuna jua, mtu wa Waridi hutoka na mwavuli.

Basi kabla ya Ramadhani Bwana Mselem akatangaza kwamba mabamba ya kuchapia picha yamekuwa ghali na hawezi kuendelea na hadithi mbili. Wasomaji ndio watakaoamua. Kwenye pembe ya gazeti palichapwa kijikaratasi cha kura. Mtu akikate, aandike jina la hadithi anayoitaka, akitie kwenye sanduku mlangoni pa kiwanda. Itakayopata kura nyingi itaendelea, nyingine basi.

Sadalla hakulala vizuri tangu siku hiyo. Nilimwona uani akichora, akifuta, akichora tena. Alitaka hadithi yake iendelee kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hilo lilionekana hata mgongoni mwake.

Mboni yeye alitaka ife. Akatuita wana Asumini nyumbani kwa shangazi yake, akatwambia kila mmoja anunue gazeti na aandike Inspekta Chuma. Kama angeishia hapo, kura zikaenda kimya kimya moja moja, pengine angepata alichokitaka. Lakini lini Asumini walifanya jambo kimya kimya? Mmoja akasema, haiwezekani twende kama wanaokwenda kununua mafuta ya taa. Mwingine akasema, na tuvae sare. Wa tatu akakumbuka kuna kigoma. Mboni, badala ya kukataa, akatunga na wimbo. Jumamosi ile walitoka kwa mpangilio, kanga za kijani, kijikaratasi kila mmoja kakishika juu kama anayekwenda kumtunza mwimbaji, wakipita Ngamiani nzima hadi kwa Mselem:

Inspekta Chuma wetu,
Tausi aende kwao!

Mimi nilisingizia jino.

Sadalla alikuwa juu ya ngazi akiandika kibao cha duka walipopita chini yake. Aliporudi nyumbani hakuomba chai.

"Mboni, nimekukosea nini?"

"Kamwulize Asmahani."

"Asmahani yupi?"

"Asmahani yupi! Na shingo yake umeichora!"

Sadalla akaingia ndani, akatoka na kopo la poda la mkewe, akaliweka mkekani. "Sura nimeitoa hapa," akasema. "Tangu mwanzo. Wanja na kipini cha pua nimeongeza mwenyewe." Nikachungulia dirishani. Mwanamke wa kwenye kopo alikuwa na shingo upande, pua kama uzi, mdomo wa kitoto. Bi Tausi mtupu.

Ungedhani yataisha. Mboni akalitazama kopo, akalitazama tena, akasema, "Basi na mwenye kopo kamwiga Asmahani."

"Huyo Asmahani ndiye nani, mke wangu? Wallahi simjui."

Akamweleza. Kwa hasira alimweleza yote: anakaa Makorora nyumba gani, sauti yake akiimba wanaume huacha bao, anavyocheka na ule mwanya wake hana haya, amewakataa matajiri wawili tangu aachike na hakuna anayejua anamngoja nani. Nilikuwa nachambua mchele, nikajikuta nimeacha. Nilitamani kupiga kelele dirishani, Mboni, nyamaza. Mwanamume yule alikuwa amekaa ametulia kabisa, anasikiliza.

Habari za maandamano zilifika Makorora kabla vumbi halijatulia. Asmahani hakuwa msomaji. Gazeti kwake lilikuwa kitu cha kufungia bajia. Aliuliza swali moja tu: Asumini wanampinga nani? Akaambiwa, Bi Tausi. Akasema, "Basi Bi Tausi ni wetu." Magazeti ya Ijumaa iliyofuata yalikwisha asubuhi. Waridi walinunua, wakawanunulia mama zao na mawifi zao, wakaagiza jamaa wa Mwera nao walete. Walitoka na kanga nyekundu, zumari mbele, na sanduku la Mselem likajaa ikabidi aongeze kapu. Yule Eliudi maskini, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alimpa Sadalla mkono akarudi Muheza.

Bi Tausi akashinda. Na Waridi, ili kutukata maini, wakatangaza karamu ya kumpongeza mchoraji.

Nitasema kweli juu ya Sadalla, maana watu baadaye walisema mengine. Alimwambia mkewe, "Twende wote." Nilisikia kwa masikio yangu. Alimwambia mara ya pili, na mara hii alimbembeleza, kwamba watakaa mlangoni tu, watakula tonge moja, watarudi.

"Mimi niingie kwa Waridi?" Mboni akasema. "Labda jeneza langu lipite."

Akaenda peke yake, kanzu imepigwa pasi na yeye mwenyewe. Wakampikia pilau, wakamkalisha kwenye mto, na Asmahani akamwimbia. Hayo nilisimuliwa. Mtu ambaye nyumbani kwake alipigiwa kigoma aondoke, huko aliambiwa mkono wake una baraka. Alikula akashiba na alirudi akinuka udi wa watu wengine.

Baada ya hapo ulikuwa mfungo, na Taa ya Pwani ikaendelea kutoka. Bi Tausi akaanza kunenepa. Kwanza mashavu. Ijumaa iliyofuata pua ikapanuka kidogo, ikapendeza. Mdomo ukafunguka. Wasomaji walisema tu kwamba Sadalla mkono wake umekomaa, na ni kweli, hajapata kuchora vizuri kama Ramadhani ile.

Mboni alikuja kwangu Idi imeshapita, nakaanga vibibi. Hakuwa na pumzi juu. Alikuwa na magazeti mawili, la mwanzo kabisa na la juzi, akayatandaza kwenye mkeka akayanyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Niambie kweli," akasema. "Huyu wa kwanza, alikuwa hafanani naye?"

"Hafanani. Nilikwambia siku ile."

"Uliniambia." Akayainamia tena magazeti. Mafuta yaliungua nikaepua chungu. Mimi wivu wake ulikuwa umenichosha miaka mingi, nilikuwa na maneno ya kumwambia na nilikuwa nimeyapanga, lakini pale nikayakosa. Akanisogezea gazeti la juzi. Bi Tausi alikuwa anacheka na mwongo wa wiki hiyo, mkono kiunoni, na mbele, katikati ya meno, Sadalla alikuwa ameacha nafasi nyeupe isiyotiwa wino.

"Na huyu?"

"Huyu anafanana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia kwamba jana Sadalla amemletea jozi ya kanga na pete ya dhahabu, na yeye hakuuliza za nini, maana mke akiletewa vitu hivyo bila sikukuu hujua mwenyewe kuwa anaongezewa mwenzake. Ndoa ni Ijumaa, Makorora, baada ya sala.

"Kanga zenyewe rangi gani?" nikamuuliza.

"Kijani," akasema. "Amekumbuka kuninunulia kijani." Na hapo ndipo alipoanza kulia.