Nilimnyoa mwanangu kipara ili aandikishwe darasa la kwanza na miaka minne na nusu

Wakuu, heshima kwenu. Wanawake wenzangu mliomo humu, nawasalimu kipekee.

Haya ni yangu, yamenikuta hapa hapa Mtwara mjini, na sijaongeza hata chembe ya chumvi. Atakayetaka kunitukana anitukane tu. Mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mwaka ule ada ya shule za msingi ilipofutwa, kila mzazi alikuwa mbioni kuandikisha. Binti yangu Somoe alikuwa na miaka minne na nusu.

Mimi nimeishia Form Four, nikasoma taipu kidogo, nikapata kibarua cha kuchapa barua kwenye ofisi moja. Baba Somoe alikuwa Nanyamba, msimu wa kununua korosho. Mtoto nimwache na nani?

Jirani yangu Mama Glory, mume wake alikuwa mtu wa bandari, wa kutoka Moshi, akanichoma:

"Glory wangu ana mitano na anasoma gazeti. Nyie watu wa Kusini mnangoja mtoto aote ndevu ndiyo ajue a, e, i?"

Nikamjibu, "Na nyie mnawaandikisha wakiwa tumboni!"

Tukacheka wote. Lakini neno lilikuwa limeshaniingia.

Sasa wakubwa humu mtakumbuka kipimo cha siku zile kwa mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Anapitisha mkono juu ya kichwa, vidole vikigusa sikio la upande wa pili, basi amefikisha umri.

Nikampima nyumbani. Vidole vikaishia juu kidogo ya sikio.

Somoe ana nywele nyingi, za kwa baba yake. Nikachukua wembe nikamnyoa zote. Nikampima tena.

Vikagusa.

Shuleni mwalimu akamwangalia, akaniangalia. "Mama, huyu ana saba kweli?"

"Saba, mwalimu. Ana mwili mdogo tu."

Akaandika. Cheti tulikuja kukikata baadaye, kwa umri ule ule wa uongo.

Darasa lilikuwa limefurika, wengine wana miaka kumi, kumi na moja. Wangu anakaa chini sakafuni katikati yao kama kifurushi alichosahau mtu. Wiki ya kwanza aling'ang'ania khanga yangu mpaka ikanivuka. Mwalimu akasema, "Nenda mama, ukisimama hapo hatanyamaza." Nikaenda. Nilichelewa kazini na nikagombezwa, nakumbuka hilo nililiona ndiyo tatizo la siku.

Ngoja niseme kitu kimoja.

Kabla ya shule alikuwa na mchezo wake. Anaokota mabibo yaliyodondoka mikoroshoni, anayapanga ukutani, ndiyo watoto wake. Anawalisha mchanga, anawafunika majani, anawaimbia walale. Mwezi mmoja baada ya kuanza shule nikamkuta ameyapanga vile vile. Ana fimbo. Anayachapa moja moja, "Wewe mjinga! Na wewe mjinga!"

Mimi nilicheka, jamani. Nilimwita na Mama Glory aje aone.

Akili anazo, sikatai. Darasa la saba akafaulu vizuri, akachaguliwa shule ya wasichana ya bweni, mkoa mwingine, siku mbili barabarani kupitia Tunduru. Mtaa mzima ukanipongeza. Nilimpeleka mwenyewe. Tranka lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Ana miaka kumi na moja na nusu, na wenzake wanavaa sidiria.

Muhula wa pili akanipigia kwa simu ya matroni. Sauti ya chini.

"Mama, nimeshakuwa mkubwa."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Dada mmoja wa Form Three alinionyesha cha kufanya. Usijali."

Kwetu siku hiyo ina watu wake. Kuna mama, kuna bibi, kuna somo wa kumfunda. Mama yangu, kijijini kwake Ziwani, alikuwa ameshaweka doti ya khanga akiisubiri. Mwanangu ameipitisha bafuni na mtoto wa watu, halafu ananiambia mimi nisijali.

Nikaenda ofisi ya elimu kuomba uhamisho arudi shule ya kutwa hapa mjini. Ofisa akasoma karatasi.

"Dada, huyu ana kumi na nne. Mwache akomae."

Nikamwambia ukweli wote, hadi wembe. Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi wa kushtakiwa ni wewe. Nafasi za kutwa hakuna."

Nilitoka pale nina hasira ya kumng'ata mtu. Na kipimo cha kijinga, na mwalimu aliyeona akaandika, na Mama Glory ambaye alishahamia Tanga na Glory wake. Lakini wembe niliushika mimi.

Likizo anakuja, wakuu. Anakunja shuka lake vizuri, anaomba ruhusa kwenda chooni. Ndani ya nyumba yetu. Siku anaondoka nanusa mto wake, mwanamke mzima, huku mdogo wake ananguruma jikoni kwa njaa kama simba.

Huyo mdogo, Shaibu, ana mitano. Watu wameshaanza, "Huyu mbona humpeleki?" Nawajibu vibaya. Hajatimiza saba, haendi, na nywele zake hazigusi mtu.

Wazazi, ile miaka miwili na nusu sikuiokoa. Nilidhani namtanguliza mtoto, kumbe ninachokata ni siku zake za kukaa na mimi. Zimekatwa, na sijui ofisi ya kuzidai.

Karibuni mchangie. Ila ninaowataka hasa ni nyie mlioanza shule wadogo mkapelekwa bweni wadogo. Usiku mlimlilia mama kwa muda gani? Na mlipoacha kulia, mliacha kwa sababu gani?

Niambieni ukweli. Msinifariji.